Kaka mgongo unauma, mdogo mtu hana dalili: kisa cha tezi dume katika familia ya Ujiji

Familia inayoelezwa hapa ni ya Ujiji, mkoani Kigoma. Si familia ya mtu mmoja anayejulikana: kisa kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia wodini na kliniki, na namba za vipimo zimewekwa ili mtiririko wa maamuzi uonekane. Wahusika ni wanaume wanne. Wa kwanza ni mzee wa miaka 66, mchuuzi wa mawese, aliyeletwa hospitali miguu ikiwa imeanza kulegea. Wa pili ni mdogo wake wa miaka 57, fundi wa mitumbwi pale Kibirizi, ambaye mkojo wake hauna shida yoyote. Yupo kaka yao mkubwa wa miaka 77, na yupo mtoto wa kiume wa yule mchuuzi, miaka 41.

Mchuuzi alipogundulika kuwa na saratani ya tezi dume, familia ilikaa kikao na kuleta swali moja: hawa waliobaki wapimwe? Kwa fundi wa mitumbwi jibu ni ndiyo, tena alipaswa kuanza miaka mingi nyuma. Kwa wengine wawili majibu yanatofautiana, na sababu zake zinaeleza upimaji wenyewe ulivyo kuliko tangazo lolote.

Mchuuzi: mwaka mzima wa kutibu mgongo

Alianza kuumwa kiuno. Kwa mtu anayenyanyua madumu ya lita 20 kila siku, kiuno kuuma hakumshtui yeyote. Akanunua diklofenaki duka la dawa, akachuliwa, akanywa dawa ya mizizi aliyoambiwa ni ya mshipa. Baada ya miezi kadhaa mkojo ukaanza kutoka kwa kukatika, akiamka usiku mara nne au tano. Zahanati ikamtibu UTI, na siprofloksasini akaandikiwa mara tatu bila mkojo kuoteshwa maabara hata mara moja.

Maumivu yake yalikuwa na sura ambayo ingepaswa kumsimamisha kila aliyemhudumia. Yalizidi usiku na hayakupungua akilala. Mgongo wa kazi nzito kwa kawaida hupata nafuu mtu akipumzika. Maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani humwamsha mtu. Juu ya hayo alikuwa amepungua uzito na damu yake ilikuwa chini. Mwanaume aliyepita miaka 50 mwenye mambo hayo matatu anastahili kupimwa PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, siku hiyo hiyo, hata kama amekuja kulalamikia mgongo tu.

Miguu ilianza kulegea ndani ya siku nne, kisha mkojo ukaziba kabisa. Hospitalini aliwekewa mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja. Alipopimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, tezi ilikuwa ngumu pande zote na mipaka yake haishikiki. PSA ilisomeka zaidi ya 100. Kwenye eksirei ya mgongo, pingili za kiunoni zilionekana nyeupe kuliko kawaida. Hapa daktari huwaza pia TB ya uti wa mgongo, ambayo kwetu si ngeni. Tofauti ni kwamba TB hula diski na kingo za pingili mbili zinazopakana, ilhali saratani ya tezi dume mara nyingi huufanya mfupa uwe mzito na mweupe, na diski ikabaki salama.

Uti wa mgongo ukibanwa, kinachohesabiwa ni saa. Alipewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, na familia ikaelezwa kuhusu upasuaji wa kuondoa korodani. Neno hilo lilizua ukimya, kisha ugomvi: mwanawe alitaka sindano. Sindano za homoni kama goserelini zipo na zinafanya kazi, lakini wiki za mwanzo hupandisha homoni ya kiume kabla ya kuishusha. Kwa mtu ambaye uti wake tayari umebanwa, kupanda huko kunaweza kummalizia miguu, ndiyo maana sindano hutanguliwa na vidonge vya kuzuia homoni kama bikalutamaidi. Upasuaji hushusha homoni ndani ya siku moja hivi, hufanyika mara moja, na hauhitaji mgonjwa kurudi kila baada ya mwezi mmoja au mitatu kutafuta dawa ambayo huenda siku hiyo haipo. Alikubali. Rufaa ya mionzi ya mgongo ikafuata.

Mgonjwa wa aina hii akianza matibabu bado anatembea, nafasi ya kuendelea kutembea ni kubwa. Akifika miguu imeshakufa ganzi kabisa, ni nadra kuirudisha. Mchuuzi alifika katikati: sasa anatembea kwa gongo, na saratani yake inazuiwa lakini haiponi tena.

Fundi: "Mimi mkojo wangu uko sawa, kaka, napimwa nini?"

Ndivyo alivyosema kwenye kikao, na wanaume wengi wangesema hivyo hivyo. Kosa lake liko kwenye ramani ya tezi. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Sehemu ya ndani, inayouzunguka mrija, ndiyo hukua kwa kawaida umri unavyosogea na kuubana mkojo; huo si saratani na hauwi saratani. Saratani nyingi, takribani 7 kati ya 10, huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na mrija. Huko inaweza kukua miaka mingi bila kugusa mkojo. Kwa hiyo anayesubiri mkojo umsumbue ndipo apime, anasubiri dalili ambayo kwa kawaida ni ya ugonjwa mwingine, na saratani ikifika kwenye mkojo mara nyingi imeshafika kwingine pia.

Hatari ya fundi nayo si ya kawaida. Mwanaume mwenye baba au kaka wa tumbo moja aliyepata saratani hii ana uwezekano wa kuipata karibu mara mbili ya wengine au zaidi, na uwezekano hupanda ikiwa ndugu aliugua akiwa na umri mdogo. Saratani ya matiti au ya ovari kwa mama na dada nayo huulizwa, maana kuna vinasaba vinavyorithiwa, BRCA2 kwa mfano, vinavyobeba hatari zote hizo pamoja. Asili ya Kiafrika peke yake inaongeza hatari: Uingereza, mwanaume mweusi 1 kati ya 4 hugundulika nayo maishani, wakati kwa wanaume wote kwa ujumla ni 1 kati ya 8.

Alikubali damu, akakataa kidole. Hapa wahudumu wengi hukosea kwa kumwambia bila kidole hakuna kipimo. Kwa mtu asiye na dalili, damu ndiyo kipimo cha kuanzia. Kidole peke yake hukosa saratani nyingi za mwanzo. Kumfukuza mtu kwa sababu amekataa kidole ni kumpoteza bure. Apimwe damu, na kidole kizungumzwe namba ikishajulikana.

Alipima kwenye kambi ya afya. Kilitumika kipande cha haraka kinachoonyesha mstari, akaambiwa "ipo juu". Kipimo cha namna hiyo hakifai kwa kazi hii, kwa sababu hakitoi namba, na bila namba huwezi kufuatilia chochote. Akaenda maabara inayotoa namba: 11.4. Ndani ya saa moja habari zilikuwa zimefika Mwandiga kwamba na huyu amepata.

Hakuna aliyemuuliza maswali ya kabla ya kutoa damu. Alipoulizwa, ikajulikana kwamba wiki mbili nyuma alikuwa na homa na mkojo wa kuwasha, akameza antibayotiki za dukani. Maambukizi ya mkojo au ya tezi yenyewe yanaweza kuipandisha PSA mara kadhaa, na hushuka taratibu. Haya ndiyo ya kuuliza kabla ya sindano:

- Umeugua mkojo, au umewekewa mpira, au umechukuliwa kinyama (vipande vya tezi vya kupimwa maabara) ndani ya wiki 6? Subiri zipite.
- Umemwaga mbegu ndani ya siku mbili, au umeendesha baiskeli mwendo mrefu? Ahirisha siku mbili.
- Unameza finasteraidi au dutasteraidi ya kupunguza tezi? Baada ya kuimeza kama nusu mwaka hadi mwaka, namba inayosomeka ni karibu nusu ya ile halisi, kwa hiyo izidishe mara mbili.
- Kipimo kilichopita kilifanyika wapi? Rudi maabara ile ile, kwa sababu mashine mbili zinaweza kutoa namba mbili kwa damu moja.

Mkojo ulioteshwa, ukatibiwa, na baada ya wiki 7 PSA ikarudiwa: 6.3. Imeshuka sana, lakini bado iko juu. Kikomo kinachotumika sana ni 4, baadhi ya miongozo hutumia 3. Kati ya 4 na 10, takribani mtu 1 kati ya 4 hukutwa na saratani. Watatu waliobaki wana tezi iliyokua tu au uvimbe usio wa saratani. Kinyume chake pia ni kweli: wapo wenye saratani na PSA iliyo chini ya 4. Namba hii haitoi hukumu, inaonyesha hatua inayofuata.

Sasa kidole kikawa na kazi, na safari hii alielezwa kabla. Unalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Daktari anavaa glavu, anaipaka jeli, anapapasa ukuta wa mbele wa njia ya haja kubwa. Haifiki dakika moja. Tezi ya kawaida ni laini na inabonyea; eneo lenye saratani huwa gumu kama fundo la kidole kilichokunjwa. Kwake kulikuwa na kijigumu kidogo upande wa kulia. Ultrasaundi ikapima ujazo wa tezi, mililita 34. Gawanya 6.3 kwa 34 upate 0.18 na ushee. Tezi kubwa hutoa PSA nyingi kwa haki yake. Jibu likizidi 0.15, shaka kwamba PSA hiyo haitokani na ukubwa tu inaongezeka. Penye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, huu ndio wakati wake, kwani huonyesha pa kuchoma na huwaepusha baadhi ya watu na kinyama kisicho cha lazima. Pasipo nayo, mambo matatu haya pamoja, yaani namba, kijigumu na uwiano, yanatosha kuamua.

Kinyama, na mahali mambo yanapoharibika

Rufaa ilikuwa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Kutoka Kigoma ni basi la kutwa nzima kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, ingawa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Umbali huu si habari ya pembeni. Unaingia ndani ya matibabu yenyewe, na anayepanga kinyama bila kuuhesabu anamweka mgonjwa hatarini.

Kinyama huchukuliwa kwa sindano nyembamba ikiongozwa na ultrasaundi, kwa ganzi, kwa kawaida vipande 12, sita kila upande. Njia ya kupitia haja kubwa hubeba bakteria kutoka utumbo hadi kwenye tezi, na kinga yake ni antibayotiki. Mtu aliyemeza siprofloksasini ya dukani hivi karibuni anaweza kuwa na bakteria waliokwisha kuizoea, ikawa kama hajapewa kinga. Fundi alikuwa mmoja wa hao. Kwa hiyo taja kila antibayotiki uliyotumia ndani ya miezi 6, hata ile ya vidonge vinne tu. Daktari atabadilisha dawa, au atapitisha sindano kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ambako maambukizi ni machache sana. Anayemeza wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aseme pia, asiiache kwa uamuzi wake.

Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache ni kawaida, na shahawa zinaweza kuwa na rangi ya kutu kwa wiki kadhaa. Asipoambiwa atadhani ameharibiwa. Homa na kutetemeka si kawaida hata kidogo. Vikitokea, mara nyingi ni ndani ya siku tatu za mwanzo, na ni dharura ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Ndiyo maana fundi aliambiwa asipande basi kesho yake. Alikaa kwa binamu yake Nyamagana, hapo hapo Mwanza, siku nne.

Vipande vyenyewe vinataka fomalini, dawa ya kuvihifadhi, kila kimoja kimeandikwa kimetoka upande gani. Vikikauka, au vikimwagwa vyote chupa moja bila alama, daktari wa patholojia anaweza kusema saratani ipo lakini asiweze kusema imeenea kiasi gani, na mgonjwa akalazimika kuchomwa tena.

Majibu: vipande 4 kati ya 12 vina saratani, vyote upande wa kulia, alama ya Gleason, inayopima ukali wa saratani, 3+4=7. Alama hizi huanzia 6 hadi 10. Sita hukua polepole mno, na wengi wenye 6 hufuatiliwa tu kwa PSA na kinyama cha kurudia bila kukatwa wala kuchomwa mionzi. Nane kwenda juu ni kali. Fundi yuko kati, upande wa nafuu.

Familia ilikuwa imeshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja ili wagharimie kipimo cha mifupa na CT ya mwili mzima. Havikuhitajika. Kwa PSA iliyo chini ya 10, Gleason 3+4 na vipande chini ya nusu, bila maumivu ya mifupa, uwezekano wa kuikuta imesambaa ni mdogo mno kiasi kwamba miongozo haitaki vipimo hivyo. Kuuliza "kipimo hiki kitabadilisha nini kwenye matibabu?" ni haki ya mgonjwa, na jibu likiwa hakuna, kiwanja kisiuzwe.

Aliwekewa njia mbele yake: upasuaji wa kuondoa tezi, mionzi, au kufuatiliwa kwa karibu. Utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 kwenye njia hizo tatu. Baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hii walikuwa karibu 3 kwa kila 100, bila tofauti kubwa kati ya makundi. Kusambaa kulikuwa karibu mara mbili kwa waliofuatiliwa tu: 9 kwa 100, dhidi ya 5. Upasuaji huacha wengine wakivuja mkojo na uume ukilegea. Mionzi huweza kusumbua utumbo na, taratibu, nguvu za kiume. Haya yanasemwa mbele ya mke kama mume anaridhia, kwa sababu ndiye atakayeishi nayo pia. Alichagua mionzi: vipindi 20 ndani ya wiki 4, kila kipindi kibofu kikiwa kimejaa kwa kiwango kile kile na utumbo mtupu, ili tezi ikae mahali pale pale na mionzi isiguse pasipohusika.

Kaka mkubwa, na kijana wa miaka 41

Kaka mkubwa ana moyo uliochoka; anapumzika mara tatu kutoka msikitini hadi nyumbani. Hakupimwa, na kutopimwa ni uamuzi wa kitabibu kamili. Faida ya kuiwahi saratani hii huonekana baada ya miaka kumi hivi. Madhara ya kinyama na tiba huja mwezi huo huo. Mtu ambaye ugonjwa mwingine hautampa miaka hiyo hana anachopata. Ila siku akiumwa mifupa au akiziba mkojo, hapo atapimwa kama mgonjwa mwenye dalili, na hilo ni jambo jingine.

Hesabu hiyo ya faida haikubuniwa. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia zaidi ya wanaume 160,000 ulitoa matokeo ya miaka 23 mwaka 2025: vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 kwa walioitwa kupimwa, kifo kimoja kikizuiwa kwa kila wanaume 456 walioitwa, au 12 waliogundulika. Faida ipo, ila kati ya wale 12 wapo ambao saratani yao isingewasumbua kamwe. Utafiti mwingine, wa Uingereza, uliwaita wanaume kupima PSA mara moja tu. Baada ya miaka 15 waliokufa walikuwa 0.69 kwa kila 100 dhidi ya 0.78 kwa wasioitwa. Tofauti ni ndogo sana. Kambi ya afya ya siku moja, mtu akapima na asirudi, inafanana na huo wa pili. Kurudia ndiko kunakobeba faida. Washiriki wa tafiti hizi walikuwa karibu wote wazungu, wenye hatari ndogo kuliko yetu, na hospitali za kumalizia matibabu walikuwa nazo karibu. Mambo hayo mawili yanavuta mizani pande tofauti, na daktari mkweli atamwambia mgonjwa yote mawili.

Kijana wa miaka 41 ana baba na baba mdogo wenye saratani. Mtu asiye na ndugu mgonjwa tunamshauri aanze mazungumzo haya akiwa na miaka 45 hadi 50. Yeye ni 40 hadi 45, kwa hiyo wakati wake umefika. Alipima asubuhi moja: 0.8. Ni namba nzuri, na inamruhusu kurudi baada ya miaka miwili. Ingekuwa kati ya 1 na 3, angerudi kila mwaka. Ikivuka 3, inarudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya mtu kusema neno lolote. Alipewa karatasi yenye tarehe, namba na jina la maabara, akaipiga picha kwa simu, kwa sababu karatasi za hospitali hupotea na kipimo cha pili bila cha kwanza kina thamani nusu.

Baba mdogo wake sasa anapima PSA kila miezi 6 Kigoma, bila kwenda Mwanza. Baada ya mionzi namba hushuka polepole, pengine mwaka na nusu au zaidi, na inaweza kupanda kidogo katikati kisha ikashuka yenyewe. Kinachomrudisha Bugando ni ikipanda kwa 2 au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufika. Ya mwisho ilikuwa 1.1, kutoka 1.9.